Nguzo Thelathini na Moja

Jumapili, 4 Januari

Daftari hili ni la hesabu kwa sababu dukani hayakuwepo mengine. Mwalimu Zilpah, aliyetufundisha Kiswahili miaka minne, alituambia siku ya mwisho kwamba lugha usiyoiandika hukutoka polepole na hujui imekutoka lini. Nyumbani tunasema Kisomali na shule imekwisha, kwa hiyo nitaandika hapa kila siku. Sitaandika siri. Sina siri.

Naitwa Ilhan, nina miaka kumi na minane. Nakaa Garissa kwa habaryar Bishara, mdogo wake mama. Mama na baba wako Takaba, wana duka. Habaryar ndiye aliyenisomesha. Yeye ni mkurugenzi wa kampuni ya umeme inayowasha Balambala na vijiji vya karibu kwa paneli za jua na jenereta. Keshokutwa nitaanza kukaa mapokezi ofisini kwake mpaka nijue nitakwenda chuo gani.

Mvua za mwisho wa mwaka hazikunyesha.

Jumanne, 6 Januari

Kazi yangu ni kupokea simu. Sipendi simu. Nimeandika kwenye karatasi maneno ya kusema na kuibandika mbele yangu: Assalamu alaykum, habari ya asubuhi, unataka nani. Hadi adhuhuri simu zilikuwa saba.

Deeq anayelinda lango na fundi Mutiso hutaniana kutwa.

"Fundi, leo uso yako kama bateri imekwisha."

"Nimelala kwa gari njiani, Deeq. Wewe unalala kwa kiti na bado unalipwa."

"Mimi nalinda. Macho imefunga, masikio iko wazi."

Mutiso anatoka Kitui, na ni mume wa Mwalimu Zilpah. Ndiye anayesimamia laini zote za Balambala. Aliponiona alisema, "Kumbe ndiwe Ilhan wa insha. Mama watoto alikuwa anatusomea insha zako mezani, chai inapoa." Nilisema asante akiwa ameshatoka.

Ijumaa, 9 Januari

Matokeo yametoka. Nimepata B. Habaryar alisema, "Vizuri." Mama alilia kwenye simu kwa furaha. Nilingoja nami nihisi kitu. Kisha nikakunja nguo.

Jumatatu, 12 Januari

Habaryar amependekezwa kuingia kwenye bodi ya kampuni kubwa ya nishati huko Nairobi, yenye laini karibu nchi nzima. Watakaa kuamua mwishoni mwa Februari. Wanataka kurasa mbili za wasifu wake kwa Kiingereza. Uliopo uliandikwa na kijana wa matangazo, na habaryar anasema umejaa sukari.

"Andika wewe," akaniambia. "Wewe huna maneno mengi."

Nadhani ilikuwa sifa.

Jumatano, 14 Januari

Joto. Hakuna kitu.

Jumamosi, 17 Januari

Baada ya alasiri habaryar alikaa nami sebuleni, akavua saa, akasimulia. Niliandika haraka. Nilipouliza alizaliwa wapi alisema, "Bodi haitaki kujua nilizaliwa wapi. Anza na ofisi ya kwanza."

Ofisi ya kwanza ilikuwa kibanda kwenye kituo cha mafuta hapa Garissa. Alikuwa karani, miaka ishirini, akisomea uhasibu peke yake. Kwenye mtihani wa ngazi ya kati alianguka mara mbili. Mwenye kituo alikuwa pia na jenereta iliyowasha maduka arobaini, na dizeli yake ilikuwa ikiisha mapema kila mwezi. Wote walisema jenereta imezeeka, inakunywa sana. Habaryar akatafuta fimbo ndefu, akaitia alama kwa kisu, akawa anaichovya kwenye tangi kila asubuhi na kila magharibi. Alifanya hivyo miezi mitatu. Kisha akaweka daftari mbele ya mwenye kituo bila kutaja jina la mtu. Wizi ukakoma wiki hiyohiyo.

"Aliyekuwa anaiba alikuwa nani?" niliuliza.

"Binamu yake. Angenichukia mwenye kituo kama ningesema. Nilipima tu."

Hapo ndipo alipoingia kwenye umeme. Aliona kwamba mafundi wanajua mashine, wenye mali wanajua watu, lakini hakuna anayejua kinaingia kiasi gani na kinatoka kiasi gani. Akajiunga na kampuni hii ilipokuwa vyumba viwili, kama mhasibu, kisha mkuu wa fedha. Meneja alipoondoka, wenye kampuni walimwomba ashikilie kiti miezi mitatu wakitafuta mwanaume.

"Hiyo ni miaka tisa sasa," akasema. "Nadhani wameacha kutafuta."

Jambo analojivunia zaidi ni laini ya Haroweyn. Kijiji hicho kiko mbali na Balambala, na mhandisi wa Nairobi alichora nguzo mia moja na arobaini. Wenye kampuni wakakataa, ni nyingi mno. Ilikuwa basi, Haroweyn ikae gizani. Habaryar akachukua ramani nyumbani na penseli. Kwa siku mbili akawa anatoa nguzo moja hapa, moja pale, akizitawanya zilizobaki. Alitoa thelathini na moja. Laini ikajengwa. Zahanati ikapata friji ya chanjo, msikiti ukapata taa, na mtu mmoja akafungua mashine ya kusaga.

"Andika hiyo vizuri," akasema. "Wengine wote walikuwa wanasema haiwezekani."

Alikuwa anatabasamu. Habaryar hatabasamu mara nyingi, kwa hiyo ninaliandika hilo.

Jumanne, 20 Januari

Nilimuuliza fundi Mutiso nguzo zikipungua inakuwaje, ili nisiandike upuuzi.

"Ni kama kamba ya kuanika," akasema. "Ukitoa mti wa katikati, kamba inalala, shuka zako zinafagia chini. Halafu chuma kikipata joto kinarefuka, kinalala zaidi."

"Ni hatari?"

"Inategemea nani anapita chini." Akacheka. "Mimi ni mfupi, mimi napita."

Nikaandika: alipunguza nguzo thelathini na moja bila kuathiri huduma.

Alhamisi, 22 Januari

Wasifu umekwenda Nairobi. Habaryar alibadilisha neno moja tu.

Jumapili, 25 Januari

Abti Duale, kaka yao mama na habaryar, alipiga simu kutoka Balambala. Malisho yamekwisha upande wa bara, watu wanahama kuja karibu na mto Tana. Anasema misafara inapita kila siku, mingine hata haisimami kusalimia. Habaryar alimsikiliza akisaini barua.

Jumanne, 27 Januari

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi simu iliita. Nilisoma karatasi yangu: Assalamu alaykum, habari ya asubuhi, unataka nani. Mwanaume akasema kwa Kisomali, "Zima." Nikauliza, unataka nani. Akasema, "Zima umeme. Haroweyn. Zima." Nikauliza tena unataka nani, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Kisha nikasikia watu nyuma yake.

Nilikimbia uani. Mutiso alikuwa chini ya gari. Alitoka bila kuniuliza, akapiga simu Balambala, laini ikazimwa. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Habaryar angejua, yeye angetazama saa.

Familia moja ilikuwa inahama. Mke aliitwa Bilan, mume wake ni Gabow. Kama kawaida mke ndiye aliyekuwa akiongoza ngamia wa nyumba, yule anayebeba miti iliyopinda ya kujengea, mikeka na vyombo. Juu ya miti Bilan alikuwa amefunga mabati mawili. Kati ya Balambala na Haroweyn njia ya ngamia inapita chini ya waya, mahali ambapo nguzo ziko mbalimbali. Bati likagusa. Bilan alikuwa amekumbatia shingo ya ngamia akimvuta, kwa sababu ngamia alikuwa amechoka na hataki kutembea. Walianguka pamoja.

Alikuwa na watoto wanne. Walikuwa nyuma na mbuzi.

Habaryar aliposikia alisimama katikati ya ofisi. Alisema, "Innaa lillaahi." Kisha akauliza laini ilikaguliwa lini.

Nyumbani nilikula wali. Niligundua nimeumaliza.

Jumatano, 28 Januari

Mutiso alikwenda kupima na kurudi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hata Deeq hakumtania.

"Saa sita mchana, waya wa katikati unalala chini kuliko nilivyodhani," alimwambia habaryar mlango ukiwa wazi. "Nimekuwa nikikagua asubuhi, mama, kabla ya jua. Asubuhi unaonekana sawa."

"Kwa hiyo hukukagua mchana."

"Hakuna anayekagua mchana. Lakini hata ningekaza waya, pale mwanya kati ya nguzo ni mrefu mno."

"Nakuuliza ulikagua mchana au hukukagua."

Akasema hakukagua. Habaryar akaandika.

Alhamisi, 29 Januari

Polisi wamemchukua Mutiso. Taarifa ya kampuni inasema ajali ilitokana na uzembe katika ukaguzi. Niliichapa mimi. Wakili wa Nairobi aliitunga kwenye simu na habaryar akatia saini.

Saa nane aliniita. Alifunga mlango.

"Ule wasifu. Kuna sentensi ya nguzo."

"Ndiyo, habaryar."

"Itoe. Wapelekee mpya, useme ule wa kwanza ulikuwa na makosa ya uchapaji."

Nilichukua kalamu. Huwa naichukua akiniagiza lolote, kwa hiyo hakuona tofauti.

"Si uongo, Ilhan," akasema. "Kutosema si uongo. Bodi ni baada ya wiki nne. Nimefanya kazi miaka ishirini na nane."

Niliitoa. Aya iliyofuata ilipanda juu kidogo kuziba nafasi. Ukisoma huoni kama palikuwa na kitu.

Ijumaa, 30 Januari

Mahakama imewaruhusu polisi kumshikilia Mutiso siku kumi na nne wakichunguza.

Mwalimu Zilpah alikuja ofisini akakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu. Alikuwa na mkoba wa shule. Alitaka kumwona mkurugenzi. Nilipiga simu ndani. Habaryar akasema, "Mwambie niko kwenye mkutano." Nilikuwa nimemwona dakika tano kabla. Alikuwa amevua viatu, anatazama ukuta.

Nikamwambia Mwalimu yuko kwenye mkutano. Nikampa chai.

"Ilhan," akasema, "bado unaandika?"

"Naandika, Mwalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Vizuri. Usiache."

Alikaa mpaka saa saba, akaondoka na kikombe kikiwa kimejaa.

Jumatatu, 2 Februari

Mwalimu Zilpah alikuja tena. Mkutano tena.

Alipotoka, Deeq alisema, "Fundi hana ukoo hapa. Angekuwa mtu yetu, leo wazee mia wangejaa hapa kwa gate. Mtu bila ukoo ni rahisi."

Niliuliza rahisi nini. Akasema, "Rahisi tu."

Jumanne, 3 Februari

Joto. Alikuja.

Jumatano, 4 Februari

Alikuja. Leo alisahihisha madaftari ya wanafunzi akiwa kwenye benchi. Alitumia kalamu nyekundu. Nilijikuta nakaa wima.

Alhamisi, 5 Februari

Wazee wa upande wa Gabow wametaka kikao Jumapili, Haroweyn. Kwetu mtu akifa kwa mkono wa mtu, si mwenye mkono huo peke yake anayeulizwa. Ukoo wake wote unaulizwa, na ukoo wote unalipa kwa ngamia, kisha jambo linafungwa. Wakili wa Nairobi amemwonya habaryar: akikubali kosa mbele ya wazee, atakuwa amekubali mahakamani, na bodi itasikia.

Lakini akikataa kwenda itakuwa ameidharau maiti. Kwa hiyo atakwenda, na abti Duale ndiye atakayesema kwa niaba yake, maana wanawake hawakai kwenye kikao. Atasema kampuni inasikitika, aliyekosea yuko mikononi mwa polisi, na sisi kama jirani tutasaidia mayatima.

Habaryar anaongoza watu sitini na wawili. Jumapili hatasema neno.

Jumamosi, 7 Februari

Tulifika Balambala adhuhuri, tukashukia kwa abti Duale. Habaryar alikwenda kulala, kichwa kinamuuma.

Abti aliniita kwenye kivuli cha tangi la maji. Abti ni mwenye mifugo, mtu mnyoofu, anasema kwa sauti kama watu wote wako mbali.

"Wewe msomi, njoo. Kesho watauliza huyu Bishara ni nani. Nitasema ni dada yangu, halafu? Wanamjua kwa kukatiwa umeme tu. Nasikia umeandika maisha yake. Nisomee."

"Ni Kiingereza, abti."

"Kwani umesomeshwa bure? Kigeuze."

Nilikuwa na karatasi mpya kwenye mkoba. Nikaitoa, nikaanza kusoma kwa Kisomali. Fimbo ya dizeli ilimfurahisha sana. Aliirudia: "Akaichovya asubuhi, akaichovya magharibi. Msichana wa miaka ishirini." Ule mtihani wa kuanguka mara mbili alisema tutauacha.

Nikafika mahali palipokuwa na sentensi ya nguzo. Kwenye karatasi hakuna kitu hapo, aya moja inaisha na nyingine inaanza. Niliendelea kutazama karatasi. Nikasema, "Mhandisi alichora nguzo mia moja na arobaini, wenye kampuni wakakataa. Yeye akatoa thelathini na moja kwa penseli, na umeme ukafika Haroweyn." Sauti yangu haikubadilika. Kisha nikasoma yaliyobaki.

"Hiyo ya nguzo ndiyo kubwa," abti akasema. "Hiyo ndiyo watakayoielewa."

Ningeweza kumwambia aiache, kama mtihani. Alinyanyuka kwenda kusali, nami nikakunja karatasi.

Jumapili, 8 Februari

Kikao kilifanyika kwenye darasa la tatu la shule ya msingi ya Haroweyn, kwa sababu ndilo lenye paa zima. Wazee walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kifua. Sisi wanawake tulikaa darasa la nne. Kati yetu kuna ukuta wenye dirisha lisilo na kioo. Habaryar aliketi chini yake kwenye mkeka, amevaa shungi jeusi ambalo sijawahi kuliona. Mimi nilikuwa nikibeba birika kati ya vyumba viwili, kwa hiyo niliona pande zote.

Mzee Gelle ndiye aliyesema kwa upande wa marehemu. Amekonda, na sauti yake ni ndogo kiasi kwamba wote walinyamaza ili wamsikie. Gabow alikaa dawati la nyuma, ukutani. Hakuwa anamtazama mtu.

Walisoma Fatiha. Abti Duale akasema yale ya kampuni kusikitika, fundi kuwa kwa polisi, mayatima kusaidiwa. Wakamwacha amalize.

"Fundi si wa kwenu," Mzee Gelle akasema. "Na kwao hatupajui. Sisi tunamuuliza mwenye waya. Huyu dada yako ni nani? Siku hizi sisi tunamjua kwa taa inapozimika."

Wachache wakacheka kidogo. Abti akasimama. Alikuwa amejiandaa.

Alieleza fimbo na tangi. Wazee wakatikisa kichwa, mmoja akasema huyo ni mwanamke wa kukabidhiwa mifugo. Alieleza miezi mitatu iliyokuwa miaka tisa. Nilikuwa namimina chai kwa mzee wa dawati la mbele.

"Na hii taa ya hapa kwenu," abti akasema, akiinua mkono, "mhandisi wa Nairobi alisema nguzo mia moja na arobaini, matajiri wakakataa. Mngekuwa gizani mpaka leo. Dada yangu akakaa na penseli akatoa nguzo thelathini na moja. Ndipo mkapata taa."

Alingoja waseme kitu.

"Alizitoa wapi?" Mzee Gelle akauliza.

"Njiani. Kutoka Balambala mpaka hapa."

Kisha Gabow akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. Hakuinua sauti wala hakusimama.

"Kwa hiyo pale palikuwa na nguzo."

Abti alifungua mdomo. Niliona uso wake ukielewa, polepole, kuanzia kwenye macho. Alitazama chini.

"Sijui, Gabow," akasema. "Wallahi sijui."

Chai ilikuwa imejaa kikombe na inamwagika kwenye dawati. Mzee hakunikemea.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Habaryar alikuwa amesimama upande wa pili. Tuliona shungi na mkono mmoja kwenye ukingo.

"Ilikuwepo," akasema. "Kwenye ramani ilikuwepo."

Mzee mmoja akasema mwanamke anyamaze, mwingine akasema hapana, mwacheni. Mzee Gelle aliinua kiganja.

"Bishara, mama yako alikuzaa kwenye msafara. Mimi nilikuwepo, koo zetu zilikuwa zikihama pamoja. Siku saba baadaye ulifungwa juu ya ngamia, kwenye miti hiyohiyo ya nyumba. Tulikuwa tunainamisha matawi upite."

"Ndiyo, adeer," habaryar akasema, kama anamjibu baba mdogo.

"Basi tumesikia."

Mkono ukaondoka dirishani.

Yaliyobaki yalichukua muda mfupi. Mwanamke ni ngamia hamsini, mwanaume ni mia. Nimelijua hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kulisikia likisemwa nikiwa nimebeba birika. Ukoo wetu utalipa. Gabow aliulizwa kama ameridhika, akasema, "Mtoeni yule fundi Mkamba." Wakasoma Fatiha tena.

Kwenye gari tulikuwa mimi, habaryar na dereva. Tulipopita mahali pale habaryar hakugeuka. Mbele kidogo akasema, "Karatasi niliyokubali haina nguzo. Duale alizipata wapi?"

"Kwangu," nikasema.

Akafunga kioo cha dirisha lake.

Jumatatu, 9 Februari

Habaryar alikwenda kituoni asubuhi, peke yake, akaandikisha maelezo mapya. Sikuyachapa mimi.

Jumanne, 10 Februari

Hatusemi. Nikimsalimu anaitikia, kwa sababu salamu ya Mungu lazima iitikiwe.

Alhamisi, 12 Februari

Mutiso ametoka. Walikuja pamoja ofisini kuchukua vifaa vyake. Amekonda, ndevu zimeota nyeupe kidogo.

"Fundi," Deeq akasema, akasita. "Umenona."

"Huko kuna viti vizuri kuliko chako," Mutiso akasema. Deeq akamshika mkono, hakuuachia haraka.

Mwalimu Zilpah ameomba uhamisho, wanarudi Kitui. Alinitazama kwa muda. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa naogopa. Hakunishukuru. Alisema, "Ulikaa siku tisa bila kusema."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nilikuwa nazihesabu kwenye benchi hilo." Kisha akanifunga shungi vizuri, kama nilipokuwa kidato cha kwanza, wakaondoka.

Ni kweli, kutoka tarehe ishirini na tisa nilipoitoa sentensi mpaka tarehe saba nilipomsomea abti ni siku tisa. Nimehesabu kwenye daftari hili.

Jumatatu, 16 Februari

Barua ya Nairobi imefika. Wameondoa jina la habaryar kwenye orodha ya bodi, wanamtakia kila la heri. Wenye kampuni yetu nao wamemwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Niliipokea simu hiyo. Waliniuliza mimi ni nani, nikasema mapokezi.

Jumatano, 18 Februari

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga.

Alhamisi, 19 Februari

Habaryar alikuwa jikoni nilipoamka kula daku. Sijawahi kumwona jikoni. Hajui chumvi iko wapi, akatafuta mwenyewe, hakuniuliza.

Ijumaa, 20 Februari

Kwenye laini ya Haroweyn wanasimika nguzo, Deeq kasema. Umeme umezimwa huko tangu siku ile, kwa hiyo wanafuturu kwa tochi. Zahanati imepeleka chanjo Balambala.

Mama anauliza kwa nini habaryar hapokei simu yake. Nilisema amechoka na swaumu.

Jumapili, 22 Februari

Siku ya kumi na nne bila kusema. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye sanduku, ili akiniambia niende Takaba nisimcheleweshe.

Tulifuturu wawili. Tende, uji, sambusa alizokaanga yeye, moja upande imeungua. Aliswali magharibi, akarudi mkekani. Nilikuwa nakusanya vyombo.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

Nilikaa. Nilisema niliogopa.

"Nami niliogopa." Alisema bila hasira, kama anasoma kitu kwenye karatasi. "Kaa vizuri. Nataka kukuuliza. Ukiwa umesimama karibu na ngamia aliyebeba nyumba, ile miti inafika wapi?"

Nilisema sijui. Nimezaliwa dukani, ngamia wa nyumba nimewaona kwa mbali tu, kwenye gari.

"Na mhandisi ni wa Nairobi," akasema. "Na Mutiso ni wa Kitui, kwao hubebesha punda. Matajiri wetu, mmoja ni wa Mombasa, mwingine sijui hata alizaliwa wapi."

Alinyoosha mkono juu ya kichwa chake, akaupandisha, akaupandisha tena, mpaka bega likainuka. Akautazama.

"Basi katika watu wote walioiona ile ramani, aliyekuwa anajua ni mimi peke yangu."

Nilingoja aushushe mkono. Uji ulikuwa umeshika ngozi juu. Adhana ya isha ilipoanza mkono ulikuwa bado hewani.